Masikio ya Mkurugenzi

Nilipopewa cheo cha naibu mkurugenzi, mkurugenzi wetu alikuwa ameshaanza kutosikia, na aliyelijua jambo hilo alikuwa mke wake peke yake. Mimi nilikuja kulijua kwa bahati mbaya.

Shirika lenyewe lilikuwa dogo. Tulikuwa na vyumba viwili ghorofa ya tatu, katika jengo kuukuu la Minneapolis lililowahi kuwa ghala, na majirani zetu walikuwa wachoraji, mafundi wa baiskeli na mwanamke mmoja aliyefinyanga vyungu. Kazi yetu ilikuwa kupeleka muziki na ngoma za Afrika mashuleni, na kuwasaidia watu waliotoka kwetu wasikitupe walichokuja nacho. Hivyo ndivyo tulivyoandika kwenye karatasi zetu. Ukweli ni kwamba tulikuwa mkurugenzi, mimi, binti wa mapokezi aliyekuja mara mbili kwa wiki, na kwaya. Kwaya ndiyo iliyokuwa shirika. Sisi wengine tuliishi kwa ajili yake.

Ilikuwa kwaya ya akina mama ishirini hivi, wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo, wengi wao wakikaa Crystal na vitongoji vya jirani. Mkurugenzi, Mkenya wa Kakamega aliyekuja Minnesota kusoma wakati mimi niko darasa la kwanza Morogoro, alikuwa amewasikia wakiimba msibani, akawafuata mmoja mmoja majumbani mwao kuwaomba waimbe pamoja kila Jumamosi. Wengine walifanya kazi ya kukata nyama viwandani, wengine walifagia ofisi. Jumamosi asubuhi walikuja kwenye chumba cha chini cha kanisa moja la Crystal wakiwa na macho mekundu ya usingizi, na saa mbili baadaye walitoka wakicheka.

Siku niliyogundua, kengele ya moto ililia katika jengo letu. Mtu wa ghorofa ya kwanza alikuwa ameunguza mkate. Tulishuka wote na makoti yetu, tukasimama kwenye theluji tukipuliza viganja, na hapo nikaona mkurugenzi hayupo. Nikapanda ngazi mbio. Kengele ilikuwa inalia juu ya kichwa chake kiasi cha kuumiza meno, taa ya kengele iko nyuma yake ikiwaka na kuzima, naye ameinamia daftari anaandika. Nilipomgusa bega alishtuka.

"Kuna nini?" akaniuliza. "Mbona umevaa koti?"

Nikamwonyesha kengele kwa kidole. Aliitazama muda mrefu. Kisha akafunga daftari, akavaa kofia yake, tukashuka pamoja.

Jioni hiyo aliniita ofisini kwake, akanieleza. Lilianza sikio la kushoto, likafuata la kulia. Daktari alikuwa amempa vifaa vya kuvaa masikioni, akavivaa wiki mbili, akavitia kabatini. "Sauti zinakuja kama mtu anasaga mabati," alisema. "Siwezi kusikia kwaya yangu namna hiyo. Afadhali nisisikie." Kisha akasema, "Binti yangu, nipe mwaka mmoja. Bodi ikijua itaniondoa. Nipe mwaka mmoja tu niwafikishe hawa akina mama mahali."

Nikampa. Sikufikiri hata mara mbili. Ndiye aliyenichukua nikiwa nasafisha meza za mkahawa Richfield na shahada yangu ya sanaa imo ndani ya bahasha. Aliisoma shahada hiyo yote, mpaka mihuri.

Basi tukajiwekea taratibu. Kwenye mikutano nilikaa kuliani kwake. Mtu akisema jambo la kukubaliwa, niliinamisha kichwa kidogo, naye akakubali. Likiwa la kukataliwa, niligeuza kalamu yangu mezani, naye akasema tulifikirie kwanza. Simu zote nilipokea mimi. Watu walisema siku hizi mkurugenzi amekuwa mtulivu, amekuwa msikivu. Walilitumia neno hilo hilo, msikivu, nami nilitabasamu.

Kwenye kwaya hakunihitaji. Aliweka mkono wa kushoto juu ya ngoma ya mama mzee aliyekaa mbele, na kwa macho alifuata shingo zao. Aliweza kukuambia nani amepanda juu mno na nani hajaimba kabisa, kwa kuangalia tu koo. Akina mama walidhani ni utaalamu. Na ulikuwa utaalamu.

Mwaka uliisha, hakusema kitu, nami sikumkumbusha.

Kisha likaja onyesho la Saint Paul. Ukumbi ulijaa, wanabodi walikaa safu ya pili. Katikati ya wimbo wa tatu yule mama wa ngoma alijisikia vibaya, akaiacha ngoma na kujiinamia. Wenzake waliona, wakanyamaza. Mkurugenzi alikuwa ameondoa mkono kwenye ngoma ili aongoze kwa mikono yote miwili, na wakati huo alikuwa amefumba macho, kama alivyofanya kila alipofika kwenye kiitikio hicho. Akaendelea. Ukumbi mzima kimya, mama mmoja ameinama, kumi na tisa wamefunga midomo, na yeye anapunga mikono, anainuka kwa vidole vya miguu, anaita sauti zisizokuwapo. Sijui ilichukua muda gani. Alipofumbua macho alikiona alichokiona, mikono ikashuka. Watu wakapiga makofi, wakidhani ndivyo ilivyopangwa.

Mwenyekiti wa bodi hakupiga makofi. Alikuwa mama wa Kimarekani, mwalimu mstaafu wa muziki, mtu mwema. Nalisema hili kwa sababu ningependa angekuwa mbaya. Jumatatu alinialika kahawa, akaniuliza swali moja tu: "Tangu lini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kengele, kalamu, kuinamisha kichwa. Nilijisikia kama mtu anayetua ndoo kichwani. Akanishika mkono akasema nimebeba mzigo mkubwa peke yangu. Maneno yale yalikuwa matamu. Na nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: aliposema kwamba huenda wakaniomba nishike nafasi ile kwa muda, sikuhuzunika. Nilihuzunika baadaye, nikiwa garini.

"Lazima aambiwe kabla ya mkutano," mwenyekiti alisema. "Nimwambie mimi au utamwambia wewe?"

"Nitamwambia mimi," nikasema. "Ni kama baba yangu."

Nilikuwa na siku tisa. Siku ya kwanza alikuwa na mafua. Siku ya pili alikuja na maandazi ya mkewe, akayagawa, nikaona si siku yake. Jumamosi tulikuwa kwenye kwaya. Kila jioni nilijiambia kesho asubuhi, na kila asubuhi nilimkuta amefika kabla yangu, amewasha taa ya meza yangu. Niliandika barua nikaichana. Siku ya tisa nilimpitia kwake kumpeleka kwenye mkutano, nikajiambia nitamwambia njiani. Njia nzima alizungumza yeye. Alitaka akina mama wafundishwe kusoma nota. Alikuwa ameshampata mwalimu.

Tulikutana katika chumba cha maktaba ya mtaa. Mwenyekiti alivaa miwani, akainamia karatasi, akasoma. Alisoma akiangalia chini, midomo yake haikuonekana. Alisoma kwamba kwa shukrani kubwa mkurugenzi anapumzishwa na kupewa jina la mwanzilishi wa heshima, na kwamba naibu wake atashika kazi kuanzia mwezi unaofuata. Alipomaliza, wote walimgeukia mkurugenzi. Waliamini ameshaambiwa. Walikuwa wanasubiri tu neno lake la kuaga.

Naye akanigeukia mimi.

Hata leo nikifumba macho nauona uso ule. Haukuwa na wasiwasi. Ulikuwa uso wa mtu anayeuliza njia kwa mwenyeji. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuigeuza. Ningeweza kusimama nikasema subirini, hajui mnachosema, kosa ni langu. Nikaona macho ya watu saba yananitazama, nikaona aibu yangu itakavyomwagika mezani.

Nikainamisha kichwa.

"Nakubali," alisema kwa Kiingereza, kwa ile sauti yake kubwa. "Nakubali kwa moyo wangu wote."

Wakasimama wakapiga makofi. Mzee mmoja alifuta machozi. Mkurugenzi naye akasimama, akapiga makofi pamoja nao, akitabasamu huku na huku.

Kwenye gari, tulipokuwa tumesimama kwenye taa nyekundu, alinigusa mkono. "Leo mkutano umeenda vizuri," akasema. "Lakini yale makofi yalikuwa ya nini?"

Nikageuza uso aone midomo yangu. "Yalikuwa yako, mzee."

Akacheka. "Wazungu nao," akasema.

Barua rasmi ilimfikia kwa posta siku nne baadaye. Asubuhi hiyo nilimkuta amesimama ofisini kwangu, hajakaa, barua imetandazwa mezani, na juu yake kumbukumbu za mkutano zilizoambatanishwa. Alikuwa ameweka kidole pale palipoandikwa kwamba mkurugenzi alikubali kwa moyo wake wote.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

Nilianza kusema, nikaona haangalii midomo yangu, anaangalia macho. 

"Ulikuwa umekaa pale," alisema. "Ulikuwa hapa kando yangu."

"Mzee, nilitaka kukwambia. Kila siku nilitaka."

Sijui kama alinielewa. Aliikunja barua taratibu. "Unajua, pengine ningekubali," akasema. "Si nilijua nimeisha? Siku ile Saint Paul nilijua. Ungeniambia hapo kwa gari, ningelia kidogo, kisha ningeingia na kuwaaga mwenyewe. Ningekubali. Lakini ningekubali mimi."

Hakuchukua vitu vingi. Alichukua kofia, daftari na kikombe. Picha za kwaya aliziacha ukutani. Mlangoni alisimama kana kwamba amekumbuka kitu, nikainuka, lakini alikuwa anatafuta tu mkono wa koti.

Jumamosi ile nilikwenda Crystal mwenyewe. Akina mama walikuwa wameshajua. Kwa wakimbizi habari haihitaji posta. Walikuwa wamekaa kwenye viti, mikoba magotini, kama watu wanaosubiri basi. Niliwaeleza kwamba directeur, kama walivyomwita mkurugenzi, amepumzika kwa sababu ya afya, na kwamba kazi itaendelea. Nikawaomba tuanze na wimbo wowote wanaoupenda. Waliimba ubeti mmoja. Mimi si mwalimu wa kwaya, lakini nasikia vizuri, na nilisikia kwamba sauti zote zilikuwa mahali pake na hakuna kitu ndani yake.

Yule mama wa ngoma ndiye aliyenifuata nje baadaye.

"Mama, hatuna mubaya na weye," aliniambia. "Utusamehe. Lakini ule baba, yeye njo alikuwa anatuangalia. Batu bengine banatusikia tu. Yeye alikuwa anatuangalia, mumoja mumoja."

Wiki iliyofuata walikuja kumi na mmoja. Baada ya mwezi walikuja wanne, na hao wanne nadhani walinionea huruma. Niliajiri mwalimu wa nota, akafundisha viti vitupu. Shule zilipopiga simu niliwapelekea wanafunzi wa chuo waliojua kupiga ngoma kidogo. Walikuwa vijana wazuri, na watoto waliruka na kufurahi, na kila tulipotoka nilijisikia nimeuza maji nikisema ni maziwa. Nilikaa kwenye kiti kile chini ya miaka miwili. Mwisho bodi ilikutana kwenye chumba kile kile cha maktaba na kupiga kura ya kufunga. Hakuna aliyepinga. Mwenyekiti alinikumbatia akasema tulijitahidi, nami nilishindwa kumkumbatia vizuri.

Ngoma nilizipeleka kanisani, wakazipokea wakaziweka chini ya ngazi. Nikapata kazi ya karani katika zahanati moja. Ninapanga miadi ya wagonjwa. Ni kazi ambayo haiombi kitu kutoka kwa mtu.

Majira ya baridi baada ya kufunga, nilijikaza nikaenda Burnsville, ambako mkurugenzi na mkewe walikuwa wamehamia kukaa karibu na binti yao. Sikupiga simu kwanza. Niliogopa nikipiga nitaambiwa nisije. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi, kurasa tatu kwa mkono, ili asihangaike kusoma midomo yangu. Nilitaka akae azisome mbele yangu, kisha aseme lolote, hata anitukane.

Mkewe alifungua mlango, akaushikilia.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Alichelewa kidogo kujibu. "Marahaba." Kisha akasema, "Amelala."

Ilikuwa saa nane mchana. Nyuma ya bega lake niliona sebule, na kwenye kiti karibu na dirisha nilimwona yeye, amevaa sweta, anatazama televisheni isiyo na sauti, maneno yanapita chini ya picha. Hakugeuka. Kengele ya mlango haikumfikia, wala sauti yangu. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Mama aliona kwamba nimeona. Hakurudisha mlango, wala hakubadilisha alichosema.

"Basi nitakuja siku nyingine," nikasema.

"Usijisumbue," alisema, bila hasira. "Amezoea sasa."

Karatasi zilikuwa ndani ya koti langu. Nilizishika, nikafikiri kumpa azipeleke, nikafikiri pia kwamba hapo ningekuwa nampa tena mtu mwingine anibebee. Nikaziacha mfukoni.

Aliniuliza kama barabara ina barafu. Nikamwambia ipo kiasi, hasa kwenye daraja. Akasema niendeshe polepole, akafunga mlango.