Loice na Mlango wa Chumbani

Ukifika Kansanga, mtaa wa Kampala, ukaulizia fundi cherehani Mkenya, utaonyeshwa nyumba ya Loice. Alivuka mpaka wa Busia miaka michache baada ya vita vya huko kwisha, cherehani yake ya miguu ikiwa juu ya lori la vitunguu, na tangu hapo, ndugu zangu, cherehani hiyo haijajua kunyamaza. Wateja wanaingia sebuleni, wanapimwa, wanacheka, wanabishana juu ya mabega yaliyochongoka ya gomesi, lile gauni refu la kina mama wa huko. Naye anapenda hivyo hivyo, kazi yake iwe ndani ya nyumba yake.

Taabu ilikuwa kwa mumewe Oyugi, mlinzi wa usiku kwenye ghala moja. Yeye hulala mchana, na kati ya kitanda na cherehani palikuwa na mlango wa plaiwudi tu. Msimamizi akamkuta anasinzia getini, akamwonya: ukirudia, kazi huna.

"Mama Vera," Oyugi akamwambia mkewe, "ama mashine ihame, ama mimi nifukuzwe."

Loice hakuwa mtu wa kuhamisha mashine. Akamwendea Sebit, seremala Mnubi wa jirani, akaagiza mlango wa mvule mtupu. Ulikuwa mzito, wanaume walioubeba walitua njiani kupumua.

"Huu hata risasi haipiti," Sebit akajigamba alipomaliza kuupachika.

Loice akakanyaga cherehani. Kutoka chumbani Oyugi akaita, "Hiyo sare ya shule unaishona au unaipiga?"

Sebit akashika kiuno. Loice akapiga magoti, akaingiza kiganja chini ya mlango. Kikapita chote! Maana Kampala mafundi huacha mwanya pale, ili mama akimwaga maji ya kuosha sakafu ayafagie mpaka nje.

"Kaka yangu, umeshona koti zuri ukasahau pindo."

"Na maji utayapitisha wapi?"

"Nitapiga deki kwa kitambaa. Wewe lete kizingiti."

Sebit akapiga kizingiti. Loice akakata mabaki ya blanketi, akayakunja kama kola, akayashona mara mbili, kisha akayapigilia kuzunguka fremu yote, na chini pia. Mlango ukajifunga taratibu, kama mtu anayemeza mate.

Getini Oyugi hakusinzia tena. Na siku moja Nusura, mteja mwenye sauti ya sokoni, akaja kuchukua gomesi yake.

"Mzee wako haonekani siku hizi. Mmeachana?"

"Yumo humo, amelala."

"Na kelele zote hizi? Acha uongo, Mama Vera!"

Loice akatoa kifua mbele, akashika kitasa, akaufungua mlango wote. Mkoromo ukawapokea, mzito, ambao kumbe muda wote ulikuwa ukinguruma humo bila wao kuusikia. Nusura akapiga kigelegele.

Oyugi akakurupuka. "Nani huyo? Fungeni mlango, watu tunalala!"

Loice akaufunga polepole, akamgeukia Nusura, uso umejaa tabasamu.

"Umesikia anavyousifu mlango wangu?"