Zamu ya Nondo Kushika Ufagio

Vyuma vya jimu ya mtaani, Nondo, fundi wa kuchomelea, aliviunda mwenyewe, na sheria aliiweka yeye: asiyenyanyua anafagia. Alipokuwa akimeza antibiotiki za figo, kisigino kilianza kumuuma.

Dada yake muuguzi hakumung'unya maneno. "Kaka, dawa hizo kwa wengine hudhoofisha kano, ile kamba ya nyuma ya kisigino. Ukibeba vizito inaweza kukatika. Mwone daktari leo."

"Wenzangu wa jimu watanicheka."

"Bora wakucheke ukiwa umesimama."

Nondo mbishi, lakini si sikio la kufa. Daktari akambadilishia dawa, akamkataza vyuma.

Jioni wenzake walikuwa wamempangia uzito wake. Akaupita kando bila kuugusa, akachukua ufagio. Wakaangua kicheko. Akafagia taratibu mpaka chini ya vyuma vyake, kama anayejitandikia mahali pa kurudi.