Chuma na Sindano ya Homoni

Karakana nzima ilimwita Chuma, na jina lilimkaa. Geti la kubebwa na watu wawili aliliinua peke yake huku akipiga mluzi. Ndiyo maana alipoanza kusinzia mchana, kandokando ya mashine ya kuchomelea, wenzake walilifanya jambo hilo kichekesho: Chuma kimeshika kutu!

Lililomuuma zaidi hawakulijua. Chumbani nako mwili ulikuwa umegoma. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, hakulalamika. Alimwambia tu, "Mficha uchi hazai, mume wangu. Nenda hospitali."

Mpiga rangi wa pale karakana alikuwa na dawa yake. "Kaka, kuna jamaa wa gym ananichoma sindano za homoni. Hebu niangalie kifua!"

Chuma alikiangalia kifua, akauangalia na uso uliojaa chunusi kama wa kijana aliyebalehe jana. "Nimekiona," akasema. "Ngoja nikapime kwanza."

Alitolewa damu asubuhi, akaitwa tena siku nyingine, maana kipimo kimoja hakitoshi. Daktari, mama mpole wa sauti lakini mkali wa maswali, akamwambia kweli homoni ya kiume ilikuwa chini, na tiba ya kuiongeza ipo.

"Mnataka mtoto mwingine?"

"Hilo linahusiana vipi?"

"Ukipewa homoni hii, mwili unaacha kujitengenezea yake, na mbegu hupungua, hata kuisha. Mara nyingi hurudi ukiacha dawa, ila siwezi kukuahidi."

Jioni alimkuta mkewe akipinda sketi. Binti yao wa pekee alikuwa mkubwa sasa, na habari ya mtoto wa pili ilikuwa imekufa yenyewe baada ya mimba mbili kuharibika. Chuma akamweleza yote.

"Nilidhani wewe umeshakata tamaa," mkewe akasema, sindano ikiwa imesimama mkononi.

"Nami nilidhani wewe."

Walitazamana, wakaangua kicheko, kisha mkewe akafuta macho.

Walikwenda kwa daktari pamoja. "Sindano isubiri," Chuma akasema bila kigugumizi. "Nipe njia nyingine."

"Unakoroma?"

"Anakoroma mpaka majirani wanajua kalala!" mkewe akadakia.

Ikagundulika kwamba pumzi humkatika usingizini, jambo linaloweza kuchosha mwili na kushusha homoni. Akapewa mashine ya kupumulia usiku, akaambiwa na kitambi kipungue. Alipoivaa ile barakoa mara ya kwanza, mkewe alimpigia saluti: "Rubani, tupeleke salama!"

Miezi ikapita. Usingizi wa mchana ulimwacha, na hamu ikarudi taratibu, kama mgeni anayebisha hodi kwa adabu. Vipimo vya homoni vilipanda, ingawa si kama vya ujana. Daktari alimwambia uamuzi si wa milele. Wakitaka, watalizungumza tena suala la sindano.

Mtoto hajaja bado. Wanajaribu, na safari hii kila mmoja anajua kwamba mwenzake naye anamtaka.