Simu ya Kutunzia Maneno ya Mjane

Simu iliyokuwa ikirekodi juu ya stuli ililia ghafla kwa sauti ya juu kabisa, ingawa nilikuwa nimeinyamazisha mwenyewe. Mjane niliyekuwa nikimhoji nyumbani kwake Butiama, kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili kuhusu ardhi ya familia, alikatiza maelezo yake. Alikuwa akinieleza namna atakavyolitetea shamba la marehemu mumewe, jambo ambalo shemeji zake hawakupaswa kulijua kabla hajafika kwenye baraza la ardhi.

“Nani anakuita hivyo?” aliuliza.

Jibu lilikuja baadaye kidogo, kaka yangu aliponipigia kutoka Bunda akicheka. “Mdogo wangu, samahani. Simu yangu ilinipotea humu dukani, nikabonyeza kwenye kompyuta niitafute. Kumbe nimeita ya kwako.”

Aliweza kuiita kwa sababu simu ile ilikuwa zawadi yake, na siku aliyonipa aliiwasha kwa akaunti yake. Wengi wetu huwashiwa simu hivyo na ndugu au muuzaji, tukashukuru, tukaondoka. Niliporudi Musoma nilifungua mipangilio nikakuta nakala ya kila nilichorekodi imehifadhiwa katika akaunti hiyo. Maana yake sauti ya yule mama ingeweza kusikika hata kwenye kompyuta ya dukani kwa kaka, mtaa wa Nyasura huko Bunda, ambako mmoja wa shemeji za mama huyo hununua vipuri vya pikipiki.

Nilifuta nakala zote, kisha nikampigia kaka.

“Sijasikiliza chochote,” alisema. “Hata nyimbo zangu sina muda nazo. Lakini wewe unafichaga nini?”

“Si siri yangu, kaka. Ni ya mtu.”

Aliacha utani. “Basi hapo ni pazito. Tafuta simu nyingine, usinionee haya.”

Nilitafuta kwa uangalifu uliopita kiasi. Nilitaka simu ambayo mtengenezaji wake anaruhusu mfumo endeshi wa kiwandani uondolewe na kuwekwa mfumo huria, unaoendelea kupata masasisho ya usalama na usiomlazimisha mtu kufungua akaunti yoyote. Nilipata iliyotumika katika duka moja mjini Musoma. Muuzaji alitaka kuniwashia kwa barua pepe yake. Nilipokataa, alinitazama kama mtu aliyekataa kiti.

Niliweka mfumo ule mwenyewe, nikihakiki kila hatua mara mbili. Sikutarajia kuvutiwa hivyo. Kila programu iliomba ruhusa kabla ya kugusa kipaza sauti, na iliyonyimwa ilitulia. Kinasa sauti nilikikatia intaneti kabisa, nacho kikaendelea kurekodi vizuri tu. Programu ya benki yangu iligoma kufunguka; huduma za fedha nikaendelea kuzipata kwa kubonyeza nyota na namba, kama wenye simu ndogo za vitochi. Niliona bei hiyo ni ya haki. Waliojenga mfumo huo hawanijui, lakini walinifikiria.

Hata hivyo, simu njema haikumwambia yule mama lililotokea. Niliandaa maneno, nikayapanga upya, nikaogopa kwamba angejitoa, na kwamba angekuwa na haki ya kujitoa. Hatimaye nilipiga.

“Mama, shikamoo. Ni yule mwanafunzi. Kuna jambo kuhusu mazungumzo yetu.”

“Ahaa, wa mbegu za mtama,” alijibu kwa sauti kubwa. “Subiri, hapa hamna mtandao.”

Nilisikia sauti za wanaume zikififia, kisha kuku, kisha upepo. “Shemeji zangu wako sebuleni. Haya, sema sasa.”

Nilimweleza yote bila kupunguza: akaunti, duka, nakala nilizofuta, na kwamba kaka alisema hakusikiliza nami nilimwamini, ingawa siwezi kuapa kwa niaba yake. Nikamwambia kuhusu simu mpya, namna inavyozikatalia programu kipaza sauti, na kwamba akitaka nifute hata nilichobaki nacho, nitafuta.

Nilisikia akisogea mbali zaidi na nyumba.

“Huyo kaka yako ana mdomo?”

“Hana, Mama.”

“Basi usifute. Njoo Jumamosi, wao watakuwa mnadani Kiabakari. Na hiyo simu uje nayo, unioneshe inavyokataa.”