Siku Tuliyoazima Nyumba

Mpaka leo nikifumba macho naiona ile nyumba, na kila nikiiona huwa siyo yetu. Ukuta ni ule ule wa matofali yasiyopigwa plasta, na mlango ni ule ule unaogoma kufunga wakati wa masika, lakini ndani mna mwanga wa kijani, mna harufu ya udi, na mama yangu amekaa kwenye kochi kama mtu aliyezaliwa juu yake. Ndege inapita juu yetu kwenda kutua, maana kwetu ni Kiembe Samaki, kando ya uwanja wa ndege, na vikombe vinatetemeka kwenye visahani vyake. Halafu nakumbuka kwamba sisi hatukuwa na visahani.

Tulikuwa na masufuria, mkeka, na kitanda. Baba alitangulia mbele ya haki mie bado mdogo. Mama alikuwa akishona kofia za mkono, zile za kutoboa, ambazo kila tundu huzungushwa uzi peke yake, na kofia moja humla mtu wiki baada ya wiki. Kwa kofia hizo nilisoma mpaka nikamaliza kidato cha sita. Nikafaulu, tena vizuri, nikapata nafasi katika chuo cha afya, nisomee maabara. Ada ndiyo iliyokuwa haipo, maana hata kofia nazo zina mwisho wake.

Hapo ndipo ilipoingia hoteli. Huko Mbweni palikuwa na hoteli ya kampuni moja kubwa, na kampuni hiyo ilikuwa na mpango wa kusaidia wanafunzi wasiojiweza. Wafanyakazi wake, wenyeji na wageni, walijitolea kila Jumamosi kutufundisha kompyuta na Kiingereza katika ukumbi wa hoteli. Wote wakivaa fulana za rangi ya chungwa, ungedhani timu ya mpira. Mtu asinambie kwamba walikuwa watu wabaya, nitagombana naye. Walikuwa watu wema. Kulikuwa na mama mmoja wa Kizungu, mrefu, mwenye mvi, ambaye nikikosea kuandika alikuwa akinishika bega na kucheka, nami nikicheka, basi makosa yenyewe yakawa matamu. Ukumbi ule ulikuwa na ubaridi wa mashine na madirisha yanayotazama bahari. Nikitoka pale nikirudi nyumbani kwa miguu, nilikuwa kama naelea tu, magari yakinipigia honi nami sina habari.

Siku moja wakatwambia wameshachagua wanafunzi wachache wa kulipiwa chuo, na mie ni mmojawapo. Limebaki jambo dogo: watakuja majumbani kwetu kuona hali.

Nikampelekea mama habari kama nilivyopewa. "Mama, watu wa hoteli wanakuja Jumapili. Wanakuja kutuangalia."

Mama akaiweka sindano chini. "Wanakuja kukuangalia wewe?"

"Mimi na nyumba."

"Loo! Na leo ndo unanambia?"

Sasa hapa lazima nieleze. Kwetu sisi, mtoto wa kike haangaliwi nyumbani kwao ila kwa jambo moja. Wanakuja wanawake wa upande wa mume, wanakaa, wanakunywa chai, na macho yao yanatembea. Wanataka kuona binti katoka mlango gani, mama yake anajua kupokea watu au hajui, sakafu imesuguliwa au imepigwa maji tu. Wakiridhika, ndipo wanaleta posa. Mama yangu hakuwa mjinga, alijua fika watu wa hoteli hawaji kunioa. Lakini kwake yeye kuchaguliwa ni kuchaguliwa, na anayechagua hutaka kilicho bora. Nani akabidhi amana yake kwenye nyumba isiyo na heshima?

"Mama, wao wanataka kuona hali yetu," nikamwambia.

"Hali yetu njema, alhamdulillahi."

"Ndiyo, lakini wanataka kuona tunavyoishi, tunavyoishi kweli."

"Wewe mtoto, mie nshaangaliwa nkaolewa, na nshakwenda kuwaangalia wa wenzangu wakaolewa. Leo utanifunza wewe?"

Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu, na neno lenyewe ni maskini. Lakini neno hilo nyumbani kwetu lilikuwa la watu wengine. Tukipika, mama hufunika sahani akanambia, "Mpelekee yule mzee, maskini." Sikuwahi kulisikia likirudi kwetu. Kila nilipolileta mpaka ncha ya ulimi, nilimtazama mama alivyokaa na kofia yake mapajani, mgongo umenyooka, likarudi lilikotoka. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikaja na kochi.

Kochi lilibebwa na vijana wa mtaani, likapitishwa mlangoni kwa ubavu, huku Bi jirani wa ukuta wa pili akiwapigia kelele wasilichubue, maana lilikuwa lake. Mwanamke yule alikuwa na mdomo mpana na moyo mpana zaidi. "Shoga yangu aaibike na mie nipo?" akawa anasema, akitoka na kuingia. Zulia likaja kutoka kwa mke wa mwalimu wa chuoni, chuo cha Kurani. Mapazia ya kijani yakaja kutoka kwa bi harusi mpya, ambaye mwenyewe alikuwa hajayatundika bado. Feni nalo likaja, na umeme wetu ulikuwa umeshakwisha. Mama akasema liwekwe pale pale, wageni wakiuliza wataambiwa leo hakuna joto. Vikombe vilifika mwisho, vimeviringishwa kwenye kanga kama vichanga.

"Hivi hata mume wangu hajavinywea," Bi jirani akanambia, kidole puani kwangu. "Vunja kimoja uone!"

Hata hereni nilizovaa zilikuwa za mtu.

Jumapili asubuhi nikaingia chumbani peke yangu kabla wageni hawajafika. Jua lilikuwa likipenya kwenye yale mapazia, na chumba kizima kimekuwa kama kiko chini ya maji. Moshi wa udi unakwenda polepole kutafuta pa kutokea. Nikakaa kwenye kochi, nikaweka mkono juu ya mto wake, nikasikia usingizi mtamu unanijia na mie niko macho. Nikawaza, pengine hii ndiyo nyumba yetu, na ile ya mkeka na masufuria niliiota. Nikawaza baba atafungua mlango sasa hivi aulize chai iko wapi. Sijui nilikaa muda gani. Mama akanigutua, "Inuka, utalikunja zulia!"

Wageni walikuwa wawili. Mmoja ni yule mama wa Kizungu, na mwengine ni dada wa ofisi ya hoteli, mzaliwa wa Mji Mkongwe, aliyekuja kumtafsiria. Wakapiga hodi, wakavua viatu, na mama akawapokea kwa mikono miwili. Nami nikamwamkia yule dada, "Shikamoo," akaitika, "Marahaba," huku macho yake yameshatua kwenye kochi, kwenye feni, kwenye mapazia. Akaniangalia. Nikaangalia chini.

Basi wakala. Wee, walikula! Kulikuwa na mkate wa kumimina, sambusa, katlesi, visheti, na chai ya maziwa yenye iliki mpaka inawasha. Kila aliposema basi yule mama wa Kizungu, mama yangu alimwongezea, na mgeni akicheka akala, jasho likimtiririka, akilitupia jicho feni lisilozunguka. Uani walikuwepo wenye vitu vyao wote, wamejibanza nyuma ya mlango. Nilisikia mmoja akipiga chafya na mwenzake akimfinya.

Mwisho mama wa Kizungu akaweka kikombe chini, akauliza jambo kwa upole, na yule dada akatafsiri: "Mama, anauliza, hapa nyumbani mna shida gani?"

Mama akaweka mkono kifuani. "Alhamdulillahi. Hatuna shida."

Dada hakutafsiri. Akajisogeza. "Mama yangu, yaani, shida yoyote. Kula, kulala, nyumba. Msione haya, semeni tu."

"Shida ya nini, mwanangu, na sisi wazima? Tunakula, tunalala, tunamshukuru Mola. Nyinyi tu, karibuni tena."

Na kweli, ni nani wa kwetu angejibu vyengine? Mtu hata kama kafiwa jana, ukimuuliza hujambo, atakujibu sijambo kwanza.

Wakati huo wingu likawa limetanda. Kochi lilikuwa limewekwa pale pale ambapo siku zote tulikuwa tukiweka beseni, kwa sababu bati la pale limetoboka. Nikasikia matone yanagonga juu, moja, jengine. Yarabi, nikaomba, inyeshe! Inyeshe humu ndani, ivimwagikie vikombe, immwagikie mgeni kichwani, iseme yenyewe lile neno lililonishinda mie. Nilitazama dari kwa hamu ambayo sijapata kuwa nayo tena kwa kitu chengine. Wingu likapita zake kwenda baharini, na kijani cha mapazia kikarudi ukutani.

"Na wewe, mwanafunzi?" dada akaniuliza. Sauti yake ilikuwa inanisihi. "Una la kuongeza?"

Niliiona maabara, koti jeupe, chupa za vioo zilizopangwa kwenye mwanga. Nilimwona na mama, ameniangalia kwa uso wenye fahari tupu, na nyuma ya mlango wa uani nikasikia kimya cha watu waliotuazima vitu vyao. Nikajibu, "La. Ni kama alivyosema mama."

Walipoaga, mama akamfungia mgeni wake doti ya kanga mpya, ambayo alikuwa ameiweka kwa ajili ya sikukuu, na mkebe wa visheti juu yake. Mama wa Kizungu akamkumbatia, macho yamemjaa maji. Gari lilipopinda kona, uani pakalipuka vigelegele.

"Umeiona soksi ya yule bibi?" mama akanambia, akiviringisha vikombe vya watu. "Imetoboka kidoleni. Hana wa kumwangalia, maskini."

Jibu lilikuja kwa simu. Mama alikuwa akishona barazani, na alipojua ni dada wa hoteli akanambia niweke sauti kubwa naye asikie. Dada akasalimu, akauliza hali, akavuta pumzi. "Mdogo wangu, nimejaribu sana. Wamekaa, wamezungumza, wameona kwamba familia yenu inajiweza..."

Hakumaliza, maana mama alishapiga kigelegele. Alishaondoka barazani na kofia mkononi, uzi unamfuata, anakwenda kwa Bi jirani. "Wamesema tunajiweza! Shoga, watu wa hoteli wamesema tunajiweza!" Mimi nimebaki na simu, namsikiliza dada akieleza kwamba nafasi amepewa mwengine, na kwamba nisikate tamaa. Nikamwambia ahsante. Nilimwambia ahsante mara nyingi, sijui kwa nini.

Mama akarudi anahema, anacheka, kanga imemshuka begani. Akakaa. "Haya, chuo kinafunguliwa lini? Mana baibui hilo halifai, lazima tushone jengine."

"Siendi, mama."

"Huendi nini?"

"Kujiweza ndo kulikonikosesha. Wao walikuwa wanatafuta maskini."

Nilisema hivyo, kwa sauti ya kawaida kabisa. Ndege ikapita, mama akaisubiri mpaka ikaisha. Nilijua atakasirika, na nikajitayarisha, maana akikasirika mama yangu mtaa mzima hupata habari. Hakukasirika.

"Mie nlidhani wanatafuta watu," akasema.

Kisha akaninyoshea mkono nikae karibu yake, nikakaa. Akawa anaizungusha ile kofia, anaitazama bila ya kuiona.

"Si ungenambia tu, mwanangu? Ningewaonesha. Unadhani ningeona haya, kwa ajili yako wewe? Ningewapandisha mpaka juu ya bati. Ningewaonesha na hili jicho la kushoto, tangu masika halioni kitu."

Nikamgeukia. Nikainua mkono polepole upande wake wa kushoto, karibu na uso, nikauchezesha. Mama akaendelea kutazama njiani.