Wiki Niliyopima Barua

Nilikuwa nikitunza chumba cha kompyuta kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mezani tulikuwa na skrini ishirini, lakini kazi yote ilifanywa na seva moja iliyokaa ofisini kwetu Area 47, Lilongwe. Mwanafunzi akibonyeza herufi kambini, seva ndiyo iliyoiandika kule mjini na kumrudishia picha yake.

Mkuu wa kituo, mama mmoja Mmalawi, aliniita. "Wanaongoja nafasi ni wengi. Seva itabeba kumi zaidi?"

Nilipima wiki nzima. Kila asubuhi niliandika kila mtu anakula memori kiasi gani. Ilikuwa kidogo sana, zaidi ya nusu ya seva ililala bure. Nikamwambia itabeba. Sikujiuliza watu walikuwa wakifanya nini wiki ile. Walikuwa wakijifunza kuandika barua.

Skrini kumi zikaongezwa, likaanza darasa la kuchora patroni za kukatia nguo. Siku ya kwanza wote thelathini walifungua programu ya kuchora kwa pamoja. Skrini zikaganda. Mama mmoja mshonaji, mtu wa Fizi, alinyanyua mkono kutoka kwenye kipanya kana kwamba kimemuunguza. "Nimeharibu," alisema polepole. Nami nilikuwa kwenye simu na Lilongwe, sikumjibu. Seva ilipowashwa upya, michoro yote ilikuwa imepotea, na kiti chake kilikuwa kitupu.

Siku tatu hakuja. Ya nne nikamfuata kwake, nikamkuta kwenye cherehani akishona sare za shule.

"Mama, hukuharibu kitu. Mimi ndiye niliyekosea hesabu."

Aliondoa mguu kwenye pedeli, akasema kwa Kiswahili cha kwao Fizi. "Mi nilifikiri njo mukono yangu. Nikasema, mashine ya bantu bengi vile, mi naiua."

Nilimweleza nilivyopima. Akasikiliza hadi mwisho.

"Siku ulibapima, balikuwa banafanya nini?"

"Wanaandika barua."

"Basi ulibapima bamekaa. Mi nikipimia mutu nguo ya shamba, namwambia ainame kwanza."

Nilicheka, ingawa iliniuma. Jumatatu yake alirudi, na nikaanza upya. Niliwaomba wote wafungue michoro, wawili wawili, nikiangalia seva. Walipofika ishirini na wawili, mistari ilianza kuchelewa nyuma ya mikono yao. Nikamwandikia mkuu kwamba seva itabeba kumi na wanane, ili ibaki nafasi kwa siku mtu atakapofungua kitu nisichokifikiria.

Mkuu aliisoma karatasi yangu. "Kumi na wanane asubuhi, wengine mchana, mpaka tupate memori. Lakini hao kumi na wawili utawaambia wewe."

Niliwaambia. Mama wa Fizi alijitolea mwenyewe kwenda mchana. Baba mmoja Mrundi, aliyekuwa akifanya vibarua vya kulima mchana, alinipa mkono, akasema, "Si kitu, nitajipanga." Hakuja tena.

Memori ilipopatikana, tuliwasha tena skrini zote thelathini asubuhi, na mistari ikafuata mikono. Nilituma mtu amwite yule baba. Nikaambiwa amepata kazi ya kubeba mizigo kwenye viwanda vya Kanengo, Lilongwe, na familia imehamia huko. Kiti chake nilikiacha kitupu wiki mbili kabla ya kumpa mtu mwingine.