Aliyemfungua Ndiye Atoke Awaambie

Mwanangu, maana mwanafunzi wangu ni mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, na nimeamua nikusimulie kwa sababu juzi ulipokuja kunijulia hali ulisema neno likanikaa vibaya. Ulisema siku hizi ukimaliza kazi chumba cha maiti unampa mhudumu karatasi awapelekee ndugu wa marehemu dirishani, wewe unatokea mlango wa nyuma. Ulilisema huku unacheka na unakunywa chai yangu. Sikukujibu. Mimi nikikasirika hunyamaza kwanza, na marehemu mume wangu aliogopa kimya changu kuliko kelele zangu. Sasa hasira zimepoa, basi kaa vizuri unisikilize.

Ilikuwa miaka ile soko jipya la Kariakoo ndiyo kwanza limefunguliwa, watu wanakwenda kulishangaa hata kama hawana cha kununua. Kila mtu alikuwa ndugu: ndugu daktari, ndugu muuza mkaa, ndugu mwenyekiti. Sukari ilikuwa kwa foleni, na foleni yenyewe kwa kujuana. Mimi nilikuwa nimehitimu udaktari, chuo kikanibakiza nifundishe vijana uchunguzi wa vifo, yaani kuusoma mwili wa mtu aliyekufa ili sheria ijue kilichomuua.

Nyumbani kwetu hakuna aliyefurahi. Sisi ni watu wa Kariakoo tangu enzi za mababu, na binti wa watu kushika maiti za wanaume wasio wake lilikuwa jambo la kuzungumzwa kwa sauti ya chini. Mama yangu akiulizwa mwanawe anatibu nini, alijibu bila kupepesa, "Macho." Matokeo yake nilikuwa nikirudi nyumbani jioni nakuta uani wamejaa watoto wenye tongotongo wananisubiri. Nikawa nawasafisha, nitafanyaje?

Mkubwa wangu kazini alikuwa mtu wa Songea, Mkristo, mfupi, mpole wa sauti na mkali wa macho. Tangu tukiwa wanafunzi wake tulimwita Mwalimu Benedikti. Alikuwa na mambo yake mawili ambayo hakuna aliyethubutu kuyavunja. La kwanza, kabla ya kazi alikwenda nje kuwapa pole wafiwa, lakini hakukubali kusikia hadithi ya kifo. "Pole zangu zipokeeni," alikuwa akiwaambia, "maneno mtaniambia baadaye. Acheni kwanza nimsikilize mwenyewe." La pili, aliyemfungua maiti ndiye atakayetoka kuwaambia wenyewe. Si mhudumu, si askari. Wewe uliyeshika kisu, nenda ukawatazame usoni.

Asubuhi hiyo aliletwa kijana aitwaye Seifu, hamali wa sokoni, msukuma mkokoteni. Kijana mzuri, mabega mapana, hana hata jeraha. Alikuwa amekufa jana yake jioni, nyumbani kwake Ilala, muda mfupi baada ya kula ugali wa muhogo kwa pweza. Povu lilikuwa limemtoka mdomoni na puani, povu jekundujekundu. Mkewe, Somoe, binti wa Lindi ambaye hakuwa na ndugu mjini hata mmoja, alikuwa tayari kituo cha polisi. Alipelekwa na balozi wa nyumba kumi, kwa shutuma za wifi yake.

Nilipotoka na Mwalimu kutoa pole tuliwakuta wameketi kwenye kivuli cha ukuta. Wanaume walikuwa upande wao, wanawake wamekaa mkekani, mama wa marehemu katikati yao ametulia tu. Mwalimu alitoa pole zake, akasema maneno yake ya siku zote. Lakini wifi mtu hakuwa wa kuzuilika. Akanirukia mimi, kwa kuwa ni mwanamke mwenzake na alinijua mtaani.

"Dada, msihangaike kumchana kaka yangu. Amelishwa limbwata, limemzidi! Nilimkuta kwa macho yangu yule mwanamke amembana kifuani, hamwachii, anammalizia!"

Mama yake aliinua uso. Aliniangalia tu, na ule mtazamo nauona hata sasa ninapokusimulia. Ulikuwa unaniomba nimpe mtu wa kumchukia.

Tukaingia ndani. Wanafunzi walikuwa wamezunguka meza, na mmoja wao, kijana mwenye haraka zake, alikuwa ameshasikia habari za limbwata, dawa ya mapenzi, kutoka kwa mhudumu. Akauliza kama tunaanza na tumbo. Mwalimu akamtuma akanawe mikono, na aliporudi akamtuma akanawe tena. Kisha akanikabidhi kazi mimi, yeye akasimama pembeni.

Nilianza kwa utaratibu wetu, nje kwanza, kisha ndani, kiungo baada ya kiungo. Mapafu yalikuwa mazito, yamejaa maji, ukiyabonyeza linatoka povu lile lile lililokuwa mdomoni. Nilipoufungua moyo, mwanangu, jibu nikalikuta limekaa pale. Mlango mmoja kati ya milango ya moyo ulikuwa umekakamaa na kushikana, limebaki tundu la kupenyeza kifungo cha shati. Damu ilikuwa inakwama hapo kwa miaka, inarudi nyuma mapafuni. Kijana alikuwa anasukuma magunia ya watu na moyo wa namna ile. Nilishangaa jinsi alivyoweza hata kupanda ngazi.

Haya ni makovu ya ugonjwa wa utotoni. Mtoto huanza na koo, baada ya wiki chache viungo vinavimba, kisha anapona, watu wanasahau, moyo hausahau. Nikawaonyesha wanafunzi, mmoja mmoja akatazama. Vya tumboni tulivifunga vipelekwe kwa mkemia kama sheria inavyotaka. Lakini hapakuwa na dalili ya sumu, na jibu la kifo tulikuwa nalo mkononi. Nikamshona kwa sindano ndogo, mshono wa karibukaribu, ili watakaomwosha wasione uchungu zaidi ya walionao.

Nikatoka nje. Furaha nilikuwa nayo, sikufichi. Nilikuwa na binti wa watu wa kumtoa mahabusu na nilikuwa na ushahidi. Nikachuchumaa mbele ya yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, Seifu alipokuwa mdogo, aliwahi kuumwa koo, kisha magoti na vifundo vikavimba?"

Akafikiri. "Aliwahi. Alikuwa ndiyo ameanza chuo cha Kurani. Akashindwa hata kutembea, nikawa nambeba mgongoni. Nilimkanda kwa maji ya moto na mafuta ya nyonyo mpaka akapona."

"Basi ndio ugonjwa uliomuua, mama. Haukupona, ulihamia moyoni. Hakulishwa kitu. Mkewe hana kosa lolote."

Nikasimama. Wanaume wakaanza kunong'onezana, balozi akavua kofia yake akawa anaitazama ndani kama kuna kitu kimeandikwa. Wifi mtu akafunika uso kwa khanga. Nami nikageuka nirudi darasani, naona kazi yangu nimeimaliza vizuri sana.

Mwalimu Benedikti alikuwa amesimama mlangoni. Hakunipisha.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa wanafunzi, Mwalimu. Nimeshawaambia wenyewe."

"Umewaambia binti hana kosa. Na huyu mama umemwambia nini?"

Nikageuka kumtazama. Yule mama alikuwa anajitazama mikono yake, viganja juu. Midomo yake ilikuwa inatembea. Nikasogea nikamsikia: "Mimi nilimkanda. Mimi nilimkanda tu."

"Umemtoa mmoja lawamani, umemwingiza mwingine," Mwalimu akasema, taratibu, Kiswahili chake kile cha Songea. "Rudi ukae. Uchunguzi haujaisha."

Ndani vijana walikuwa wananingoja, na kwa hesabu zangu za ujana hiyo haikuwa kazi ya daktari, ilikuwa kazi ya shangazi na majirani. Lakini macho yale hayakuwa ya kubishana nayo. Nikavua viatu, nikaketi mkekani pembeni ya mama Seifu.

Kumdanganya sikuweza, maana aliyetufundisha alikuwa amesimama pale anasikia. Nikamwambia lililo kweli. Nikamwambia kaka yangu mimi, tumbo moja, alivimba magoti vile vile, na mama yangu alimkanda vile vile, kwa mafuta hayo hayo. Kaka yangu moyo wake haukuguswa, wa Seifu ukaguswa, na hakuna mama aliyekuwa na namna ya kuchagua. Nikamwambia hata angempeleka hospitali enzi zile, huenda angepewa vidonge vya maumivu akarudishwa nyumbani, kwa sababu hata sisi ugonjwa huo unatupita mbele ya macho.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila kuinua uso, "Aliteseka?"

"Alikosa pumzi, mama. Mapafu yalijaa maji. Haikuchukua muda mrefu, lakini alikosa pumzi."

"Alikuwa peke yake?"

Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya wifi mtu. Nikamgeukia, nikamwomba anieleze tena vile alivyomkuta kaka yake, asiache kitu. Akaeleza kwa sauti ya kukatika: Seifu amekaa kitandani, hakulala, mkewe yuko nyuma yake, amemzungushia mikono kifuani, amemwegemeza kwake, anampepea kwa upande wa khanga na kumwambia avute pumzi.

"Mama," nikasema, "mgonjwa wa namna hii ukimlaza chali anazama kama mtu aliye majini. Akikaa wima ndipo anapata pumzi mbili tatu. Somoe hakumbana. Alimkalisha. Pumzi za mwisho alizovuta mwanao, alizivuta kwa sababu ya yule binti."

Yule mama akalia. Alikuwa hajalia tangu jana yake, niliambiwa baadaye. Alilia kwa sauti, wanawake wote wakalia, na mimi nikalia nao, daktari mzima na koti langu jeupe. Sikuona haya.

Alipotulia alijifunga khanga upya kiunoni akainuka. Wanaume waliona ameinuka wakasema vizuri, twende tukamwoshe, adhuhuri inaingia, kaburi limeshachimbwa.

"Hatuziki," akasema.

"Mama Seifu, maiti haicheleweshwi."

"Najua. Hatuziki mpaka mkewe amwone na amtake radhi. Nani ananipeleka kituoni?"

Mwalimu alikuwa na gari lake dogo la Kijerumani, bovu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Alinirushia funguo na kuingia darasani badala yangu. Nikampakia mama Seifu mbele, wifi mtu na balozi nyuma, tukaenda.

Askari wa zamu alisoma taarifa yetu, akaisoma tena. Alisema yeye haoni kosa, lakini mpaka majibu ya mkemia yafike, mtuhumiwa hawezi kuondoka bila mdhamini, mtu wa hapa hapa mjini, mwenye anwani. Akasema tangu jana amemuuliza yule binti ana nani Dar es Salaam, na binti amejibu alikuwa na mmoja tu.

Balozi akakohoa, akavua tena kofia yake. Mama Seifu alishaweka mkono juu ya kaunta.

"Mimi namdhamini."

Askari alimjua. Ni wa upande wa walalamikaji. Akamtazama kwa mashaka. "Wewe ni nani yake?"

"Mimi ni mama yake."

Wakamtoa Somoe. Alikuwa pekupeku, mtandio umetoka kichwani. Alipomwona mkwewe alirudi nyuma hatua, akidhani amefuatwa kupigwa. Mama Seifu akamsogelea. Alivua khanga yake ya juu, akamfunika nayo kichwa na mabega, akamshika mkono. Somoe alimwona mumewe akamtaka radhi, na Seifu akazikwa baada ya alasiri.

Sasa, mwanangu, nikwambie ninachotaka ukishike. Kazi yetu watu wanadhani ni ya maiti. Maiti hana shida na sisi, yake yamekwisha. Ukweli unaoutoa mwilini mwake unakwenda kwa watu walio hai, na hauendi patupu: unamfungua huyu, unamchoma yule. Hilo huwezi kulizuia, na usijaribu kulizuia kwa kusema uongo, kwa sababu uongo wa daktari wa maiti unafunga watu. Unaloweza ni kutowaachia peke yao. Yale maneno ya mwisho ya wifi mtu, kama nisingeketi, nisingeyauliza, na mama yule angezika mwanawe akijilaumu mpaka anaingia kaburini. Hayo hayaandikwi kwenye karatasi ya dirishani. Yanapatikana mkekani, na viatu umevua.

Usiogope kulia na watu. Usiogope kuulizwa usichokijua. Sema hukijui, kisha uendelee kukaa. Na vijana unaowafundisha, wafundishe kushona vizuri, halafu wafundishe kutoka nje.

Mungu akupe mkono wenye uangalifu na moyo usiozoea vifo. Akulinde na kiburi cha kuwa wa kwanza kujua. Na mimi, umri wangu huu, naomba Mola anichukue kitandani kwangu bila maswali ya askari. Lakini ikibidi nipite kwenye meza ile, basi naomba uwe wewe utakayenifungua, na ukishanishona, utoke ukakae na wanangu.